Peremende za Kakao Bila Sukari ya Kiwandani

Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Nyarugusu, mkoani Geita, kazi huanza mapema na aghalabu mlo wa mchana huchelewa. Mchimbaji aliyeshinda shimoni, au mama aliyeshinda akiponda mawe, hununua kitu kidogo cha kutuliza njaa: pipi, biskuti au kashata. Watoto nao hufanya vivyo hivyo watokapo shuleni. Vitu hivyo hutia nguvu upesi, lakini nguvu hiyo hutokana zaidi na sukari na unga mweupe, na njaa hurejea baada ya muda mfupi. Chokoleti ya dukani, licha ya kuwa na sukari nyingi, haivumilii joto. Siagi ya kakao iliyomo huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi za Sentigredi, na ndani ya kibanda cha mabati joto hilo hufikiwa kwa urahisi.

Hata hivyo, ladha ya chokoleti yaweza kupatikana nyumbani kwa njia nyingine, kwa kutumia karanga, asali na viazi vitamu, ambavyo ni vyakula vya kawaida vya Usukumani. Makala haya yanaeleza jinsi ya kutengeneza peremende hizo, na kwa nini usafi wa viungo na vyombo vyake una uzito kuliko hata suala la sukari.

Sukari Nyeupe na Asali

Sukari nyeupe ya kiwandani ni sukrosi karibu tupu. Maji ya muwa yanaposafishwa, madini na vitu vingine vyote huondolewa na kubaki punje za sukari peke yake. Sukari guru haikusafishwa kiasi hicho, kwa hiyo hubaki na rangi, harufu na madini kidogo. Lakini sehemu yake kubwa ni sukrosi ile ile. Asali nayo ina sukari kiasi cha asilimia 80, hasa fruktosi na glukosi, na maji chini ya asilimia 20.

Kwa sababu hiyo si sahihi kusema kwamba kitu kilichotiwa asali hakina sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu zote za chakula cha siku. Ilielezwa pia kuwa ni heri zaidi isizidi asilimia 5, yaani gramu 25 hivi kwa mtu mzima, au vijiko 6 vya chai. Kikombe kimoja cha chai chenye vijiko vitatu vya sukari tayari kimechukua nusu ya kiasi hicho.

Bakteria wa mdomoni nao hawachagui. Huigeuza sukari ya aina yoyote kuwa asidi, na asidi hiyo huyeyusha gamba gumu la jino kidogo kidogo. Faida ya peremende zinazoelezwa hapa, basi, haitokani na kuibadili sukari moja kwa nyingine. Inatokana na kupunguza kiasi chake, na kujaza nafasi iliyobaki kwa vyakula vyenye protini, mafuta na nyuzinyuzi.

Kakao na Uchungu Wake

Kakao ni mbegu ya mti wenye asili ya Amerika. Wamaya na Waazteki waliinywa ikiwa chungu, na mara nyingine waliitia pilipili. Mwaka 1828, nchini Uholanzi, van Houten alipata hati ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao, na mashudu yaliyobaki yakasagwa kuwa unga. Unga huo ndio unaofaa kwa kazi hii.

Hapa Tanzania kakao hulimwa hasa wilayani Kyela, mkoani Mbeya. Mbegu huvundikwa kwa siku kadhaa, kisha huanikwa. Ladha ya chokoleti huanza kujengeka wakati wa kuvundika, na hukamilika mbegu zinapokaangwa.

Mnunuzi hana budi kusoma maandishi ya kopo. Kiungo kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi kwa uzito. Ikiwa neno la kwanza ni sukari, basi huo si unga wa kakao bali ni unga wa kinywaji, na juhudi zote za kupunguza sukari zitakuwa bure.

Utamu wa Matobolwa

Wasukuma wamehifadhi viazi vitamu kwa njia mbili tangu zamani. Viazi vibichi vikikatwa na kuanikwa huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Matobolwa ni matamu zaidi, na sababu yake ni ya kikemia. Kiazi kinapopata moto polepole, vimeng'enya vilivyomo huukata wanga na kuugeuza kuwa sukari iitwayo maltosi. Maji yanapokauka juani, utamu huo hubaki umekolea, na nyuzinyuzi za kiazi hubaki pamoja nao. Matobolwa yakitwangwa na kuchekechwa hutoa unga mtamu ambao hupunguza haja ya kutia asali nyingi.

Viungo na Utengenezaji

Kwa peremende 40 hivi zenye uzito wa gramu 15 kila moja, huhitajika:

Karanga zilizomenywa, vikombe 2;
Unga wa matobolwa, kikombe 1;
Ufuta safi, nusu kikombe;
Unga wa kakao usio na sukari, vijiko 4 vya mezani;
Asali, vijiko 4 vya mezani;
Chumvi, robo kijiko cha chai;
Iliki au mdalasini uliosagwa, kiasi kidogo.

Kwanza, karanga hukaangwa kwa moto mdogo hadi ziwe na rangi ya hudhurungi. Joto huziunganisha protini na sukari za karanga na kuzaa harufu nzuri inayofanana na ya kakao iliyokaangwa. Maganda membamba hupepetwa. Ufuta nao hukaangwa peke yake, kwa kuwa huungua upesi. Unga wa matobolwa hupashwa moto katika kikaango kikavu kwa dakika chache, ukikorogwa, ili unyevu uliosalia upungue.

Pili, karanga hutwangwa hadi mafuta yatoke na ziwe kama uji mzito. Hapo huongezwa kakao, chumvi, iliki, unga wa matobolwa na nusu ya ufuta, kisha asali kijiko baada ya kijiko. Chumvi hupunguza makali ya uchungu wa kakao, na iliki huufanya utamu uonekane mwingi kuliko ulivyo. Mchanganyiko ukivunjikavunjika, huongezwa kijiko kimoja cha asali au cha karanga zilizotwangwa. Maji yasitiwe kamwe. Asali peke yake haiozi kwa sababu ina maji machache mno kwa vijidudu kukua. Tone la maji huwafungulia mlango.

Tatu, kwa mikono mikavu iliyooshwa, mchanganyiko hufinyangwa kuwa vidonge na kuviringishwa katika ufuta uliobaki. Vikiwekwa katika kopo kavu lenye kifuniko, mahali penye ubaridi, hufaa kuliwa kwa muda wa wiki moja.

Kila kidonge huwa na sukari ya asali isiyozidi gramu 2 hivi, mbali na ile iliyomo katika viazi na karanga. Kashata ya uzito huo huo, iliyotengenezwa kwa sukari na karanga nusu kwa nusu, huwa na gramu 7 hivi za sukari iliyoongezwa.

Hatari Mbili za Kuepukwa

Hatari ya kwanza ni sumukuvu. Karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu ambayo hutoa sumu inayoharibu ini, na kuila mara kwa mara huweza kuleta saratani ya ini. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yalisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukaanga hakuiondoi sumu yote. Kinga iliyo mikononi mwa mpishi ni kuchambua: karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye ukungu zitupwe, wala zisipewe kuku. Karanga zilizokwisha kusagwa haziwezi kuchambuliwa. Kwa hiyo ni bora kununua nzima.

Hatari ya pili ni ya sehemu zenye machimbo. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamata chembe za dhahabu, kisha huchoma donge ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauonekani wala haunuki. Ukivutwa mapafuni huingia katika damu na kudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Donge likichomwa juu ya jiko la nyumbani, mvuke hupoa na kutua juu ya kuta, vyombo na vyakula. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013, unazitaka nchi zichukue hatua za kukomesha uchomaji wa namna hiyo katika makazi ya watu.

Kwa hiyo kikaango kilichochomewa dhahabu hakirudi jikoni, hata kikisuguliwa namna gani. Kinu kilichotwangiwa mawe kisitwangiwe karanga, na beseni la kuoshea mchanga lisiwe la kukandia. Matobolwa nayo yaanikwe juu ya kichanja, mbali na vumbi la mitambo ya kusagia mawe.

Wanaopaswa Kuwa Waangalifu

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali, kwani yaweza kuwa na mbegu za bakteria ambao tumbo lake changa haliwezi kuwashinda. Mtu ambaye mwili wake hukataa karanga au ufuta asile kabisa. Mgonjwa wa kisukari ahesabu kila kidonge kuwa ni sukari na wanga, na afuate ushauri wa mganga wake. Wengine wote watosheke na vidonge viwili au vitatu kwa siku, kisha wasukutue kwa maji.