Mafua ya Mtoto Yasiyokwisha

Januari, vumbi la Matulo katika Kaunti ya Bungoma linapotimka, wazazi wengi huwanunulia watoto antibiotiki kwa mafua yasiyokwisha. Kabla hujanunua tena, mtazame mwanao. Je, hana homa? Hupiga chafya mfululizo asubuhi? Kamasi ni nyepesi kama maji, na pua na macho humwasha? Basi yaelekea ni mzio, yaani aleji, na antibiotiki haziuponyi.

Si ugonjwa wa Wazungu pekee. Utafiti wa kimataifa wa ISAAC uliukuta hata kwa wanafunzi wa Eldoret na Nairobi wa miaka 13 na 14.

Aliye hatarini zaidi ni mtoto ambaye mzazi wake ana mzio au pumu. Vumbi, moshi wa kuni na sigara, na chavua ya nyasi humzidishia. Usiku halali vyema. Darasani husinzia, akadhaniwa mvivu.

Nyunyiza maji kabla ya kufagia. Fua shuka zake kwa maji moto kila wiki. Asilale penye moshi. Mwone daktari akupe dawa ya mzio isiyoleta usingizi. Kifua kikilia kama filimbi, usingoje: huenda pumu imeingia.