Stika ya oili ilisema bado, injini ikasema basi

Tulikuwa tumeshapita Segera, watoto watatu wamelala nyuma, mizigo ya Krismasi ya bibi yao imejaa mpaka miguuni, taa ndogo nyekundu ilipowaka kwenye dashibodi. Ilikuwa na umbo la birika linalodondosha tone. Ikazima. Tulipokata kona, ikawaka tena.

"Baba watoto, hiyo taa ni ya nini?" nikauliza.

"Ya oili. Tufike Korogwe kwanza, tutaongeza pale."

Hatukufika. Injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa mwiko, kisha ikazima yenyewe. Gari likavutwa kwa kamba, sisi tukalala nyumba ya wageni. Asubuhi fundi alivuta kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu. Akafungua mfuniko wa kuwekea oili, akaingiza kidole, kikatoka na utope mweusi mzito kama grisi.

"Imenoki, mama," akasema. "Mlimwaga oili lini?"

Injini ya mtumba, ufundi na gharama za kuvutwa vilimeza ada ya muhula wa kwanza ya watoto wawili. Januari nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mhasibu wa shule, nikisubiri kuomba kulipa kwa awamu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kwa hesabu zetu hatukuwa wazembe. Chini ya boneti kulikuwa na stika iliyoandikwa kilomita za kumwaga oili tena, yaani 5,000 baada ya sevisi ya mwisho. Sisi tulikuwa tumetembea 3,000 tu na ushee. Novemba nilimwambia mume wangu kuwa gari linatoa mlio asubuhi. Akafungua boneti, akasoma stika, akasema, "Bado." Mimi ndiye niliyeliendesha kila siku, lakini nikanyamaza, kwa sababu nyumbani kwetu mambo ya gari yalikuwa ya baba.

Hatukuangalia kitu kimoja. Tarehe kwenye stika hiyo ilikuwa ya miezi 14 iliyopita.

Kilomita ni nusu ya hesabu

Oili haifanyi kazi ya kulainisha tu. Inapoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, inabeba masizi na chembe za chuma, inazuia kutu na kusaidia pistoni kubana vizuri. Kadiri inavyofanya kazi hizo ndivyo inavyochoka. Joto huibadilisha taratibu, na dawa zilizochanganywa ndani yake kiwandani hupungua nguvu.

Sasa fikiria gari la kupeleka watoto shule. Kwetu shule iko kilomita tatu. Kwa foleni ya Dar es Salaam asubuhi, hizo tatu huchukua nusu saa. Mita ya kilomita inahesabu tatu, lakini injini imezunguka nusu saa nzima.

Tena safari fupi ina madhara yake. Petroli inapoungua hutoa mvuke, na sehemu ya mvuke huo huingia kwenye oili pamoja na petroli kidogo isiyoungua. Safari ndefu huipasha oili joto la kutosha kuvifukuza vitu hivyo. Ukiendesha kidogo na kuzima, kidogo na kuzima, vinabaki humo na kusaidia kutengeneza ule utope.

Kwa hiyo gari linalotembea kidogo ndani ya mji linaweza kuchosha oili yake mapema kuliko linalokwenda Dodoma na kurudi kila wiki. Hata likiegeshwa tu, oili inazeeka.

Basi imwagwe lini?

Kanuni ni hii: hesabu kilomita na miezi, kitakachotangulia ndicho kiamue.

Watengenezaji wenyewe hutoa ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu. Nchini Japani, Toyota hupendekeza kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa magari mengi ya petroli yasiyo na turbo. Kwa matumizi magumu hukata nusu, yaani kilomita 7,500 au miezi sita. Na matumizi magumu ni yapi? Safari fupi za mara kwa mara, barabara mbovu na za vumbi, kupanda milima, na injini kunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Ukisoma orodha hiyo utadhani wanaongelea mtaa wako.

Magari mengi ya familia hapa kwetu yametoka huko Japani yakiwa yameshatumika miaka mingi. Ndiyo maana kwa gari kama hilo, linalotumia oili ya kawaida, kilomita 5,000 au miezi sita ni kipimo cha busara. Ukitumia oili ya sintetiki unaweza kwenda mbali zaidi, lakini fuata kitabu cha gari lako, na usome safu ya matumizi magumu. Gari la turbo au la dizeli lina ratiba yake, usiliazimie ya jirani.

Kila unapomwaga oili badilisha na filta. Oili mpya ikipita kwenye filta iliyojaa uchafu, umejidanganya mwenyewe.

Kijiti hakina siri

Stika ilituambia oili itamwagwa lini. Haikutuambia kama oili bado imo. Injini iliyozeeka hula oili kidogo kidogo bila kudondosha hata tone sakafuni, na yetu ndivyo ilivyokuwa.

Kupima hakuhitaji fundi. Egesha gari sehemu tambarare, zima injini, subiri kama dakika kumi ili oili ishuke chini. Vuta kijiti, kifute kwa kitambaa safi, kirudishe mpaka mwisho, kisha kivute tena usome. Kina alama mbili. Oili ikiwa kati yake uko salama, ikikaribia alama ya chini ongeza. Ongeza kidogo kidogo ukipima, maana kuzidisha juu ya alama nako kunaharibu.

Rangi peke yake isikutishe. Oili nyeusi mara nyingi ni ile inayofanya kazi yake ya kubeba masizi, na ya dizeli huwa nyeusi ndani ya muda mfupi. Lakini ikiwa nzito yenye mabonge, ikinuka petroli, au ikionekana kama chai ya maziwa, nenda kwa fundi. Ile ya rangi ya maziwa ina maana maji yameingia, na gari hilo lisiendeshwe.

Ukifika gereji

Kwanza, jua oili ya gari lako. Namba kama 5W-30 au 0W-20 zinaeleza uzito wake, na mara nyingi zimeandikwa kwenye mfuniko wa oili au kwenye kitabu cha gari. Usikubali kuwekewa nzito zaidi kwa sababu tu "magari yote yanawekewa hii". Kama injini inakula oili sana, muulize fundi chanzo chake kabla ya kubadilisha aina.

Pili, nunua kopo lililofungwa na lifunguliwe mbele yako. Injini nyingi za lita 1.3 hadi 1.5 huchukua kati ya lita tatu na nne, kwa hiyo kopo la lita nne linatosha. Kinachobaki weka kwenye buti kwa ajili ya kuongezea.

Tatu, hakikisha stika imeandikwa tarehe pamoja na kilomita. Ipige picha kwa simu.

Nne, oili chafu isirudi nyumbani. Ina chembe za metali na kemikali zinazoweza kusababisha saratani. Isipakwe kwenye ngozi, isimwagwe mtaroni, wala isiwekwe kwenye chupa ya maji ambayo mtoto anaweza kuiokota.

Taa nyekundu haina subira

Kosa letu kubwa lilikuwa lile la mwisho. Taa ile haikumbushi sevisi. Inasema oili haisukumwi vya kutosha kufika kwenye vyuma, na vyuma vinasagana wakati huohuo. Ikiwaka, toka barabarani kwa usalama, zima injini, pima oili. Ikiwa imepungua, ongeza kisha uwashe. Taa isipozima mara moja, zima tena na uite fundi. Hakuna "tufike kwanza". Pengine kama tungesimama pale ilipowaka, tungenunua lita mbili za oili badala ya injini.

Siku hizi nyumbani kwetu hatusubiri stika. Shule zinapofungwa, Juni na Desemba, oili inamwagwa kabla mtu yeyote hajapanga nguo kwenye begi. Miezi sita inatimia yenyewe, na gari linakwenda kwa bibi likiwa na oili mpya.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi binti yetu mkubwa, mwenye miaka 12, anavuta kijiti na kutangaza matokeo kama mtangazaji wa mpira. Mwezi uliopita alisema iko karibu na alama ya chini. Mume wangu alikuwa anakunywa chai. Aliweka kikombe chini, akaenda kwenye buti kuleta kopo. Hakusoma stika.