Uhai Umetoka Wapi?

Vijana wetu wengi hurejea kutoka shuleni na swali hili, na wazazi wengine, kwa kuichelea imani ya watoto wao, huwanyamazisha. Lakini kijana aliyenyamazishwa hudhani kuwa dini haina jawabu. Yafaa basi tuyajue yanayosemwa.

Mwaka 1953 Stanley Miller, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitangaza jaribio alilolifanya chini ya mwalimu wake, Harold Urey. Alitia katika chupa mvuke wa maji na hewa za haidrojeni, methani na amonia, kisha akapitisha humo cheche za umeme mfano wa radi. Zikapatikana asidi-amino, ambazo ndizo matofali ya protini za miili yetu. Wako waliodhani kuwa siri ya uhai imekwisha kufichuka. Lakini matofali si nyumba. Hakikutoka katika chupa ile kitu chochote chenye uhai.

Upande wa pili wako watetezi wa fikra ya "usanifu wenye akili". Mmoja wao, Michael Behe, asema kuwa mkia wa bakteria, unaozunguka kama rafadha, hauwezi kuwa ulijengeka kidogo kidogo. Mwaka 2004 bodi ya shule za Dover, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliamuru wanafunzi wasomewe tamko la kuitaja fikra hiyo. Wazazi wakashtaki, na Desemba 2005 Jaji John E. Jones akahukumu kuwa fikra hiyo si sayansi.

Je, hukumu hiyo yaibomoa imani ya Muislamu? Hasha! Imani yetu haikujengwa juu ya yale ambayo wataalamu hawajayajua, kwani wakiyajua kesho, nayo ingeanguka. Mwenyezi Mungu ndiye Muumba wa kinachojulikana na kisichojulikana. Aliyejua jinsi mawingu yanavyofanyika hakumwondoa Mwenye kuteremsha mvua. Na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Anbiyaa, yatufahamisha kuwa kila chenye uhai kimetokana na maji. Haikutukataza kuyachunguza maji hayo.

Basi, enyi wazazi, msiwafungie watoto wenu mlango wa ilimu. Nanyi vijana, someni kwa bidii, wala msikubali kuambiwa kuwa kuijua njia ni kumkana aliyeitengeneza.

Mwenyezi Mungu atuzidishie ilimu yenye manufaa. Amin.