Kibao cha Kantini ya Langley

Katika filamu ya Hidden Figures ya mwaka 2016, Katherine Johnson, anayeigizwa na Taraji P. Henson, hukimbia nusu maili na viatu vya visigino, mafaili kifuani, kwenda kwenye choo cha wanawake weusi katika kituo cha NASA cha Langley, Virginia. Siku moja anarudi ameloa chapachapa. Bosi wake, Al Harrison, anamhoji alikokuwa, naye anayamwaga yote mbele ya ofisi nzima. Ndipo Harrison anapokiendea kibao cha choo hicho na kukigonga kwa chuma mpaka kinaanguka, wafanyakazi wakitazama kimya.

Tukio hilo halikutokea. Harrison ni mhusika wa kubuni, aliyefinyangwa kutokana na wakuu kadhaa. Johnson mwenyewe, aliyefariki mwaka 2020 akiwa na miaka 101, alisimulia habari tofauti kabisa. Alipohamia idara ya utafiti wa safari za anga mwaka 1953, aliingia choo kilichokuwa karibu. Vibao viliwekwa kwenye vyoo vya weusi tu; vya wazungu havikuandikwa rangi. Miaka ilipita kabla hajajua kuwa choo kile hakikukusudiwa yeye, na alipojua aliendelea kukitumia kilekile. Ubaguzi, alisema, alijua upo, lakini hakukubali umkae moyoni; alikuwa kazini kama wenzake.

Kibao kilichong'olewa kweli kilikuwa kingine, tena kidogo. Miaka ya 1940, wanawake weusi waliopiga hesabu kwa mkono Langley, na cheo chao kikiitwa kompyuta, walitengewa meza ya nyuma kantini. Juu yake palisimamishwa kadibodi nyeupe yenye maandishi meusi ya kuwatambulisha kwa rangi yao. Mmoja wao, Miriam Mann, alikichukua kibao hicho na kukitia mkobani. Baada ya siku chache kikawekwa kingine. Akakitia mkobani nacho. Mumewe alimwonya kwamba atafukuzwa. Akajibu, basi na wamfukuze. Mchezo huo uliendelea mpaka ikafika siku kibao hakikurudi tena. Hakuna mkuu aliyetoa hotuba. Wanawake walikaa, wakala, wakarudi kwenye hesabu zao.

Mwongozaji wa filamu, Theodore Melfi, aliulizwa kwa nini heshima ya kung'oa kibao alipewa bosi mzungu. Alijitetea kwamba la muhimu ni jema kutendeka, bila kujali limetendwa na nani. Utetezi huo ni mwepesi mno: mkoba wa Mann ulihatarisha kazi yake, ilhali chuma cha Harrison hakimgharimu chochote.

Johnson alipigana vivyo hivyo, bila kelele. Aliambiwa wanawake hawaingii kwenye vikao vya kujadili ripoti. Akauliza kama kuna sheria inayokataza, akauliza tena na tena, mpaka wakamruhusu. Mwaka 1960 jina lake likachapishwa kwenye ripoti ya hesabu za njia ya chombo cha anga, sambamba na la mhandisi Ted Skopinski. Hakuna mwanamke wa idara ile aliyewahi kuandikwa hivyo kabla yake. Je, kamera ingeweza kumtazama mwanamke kama Mann akifunga mkoba wake, na watazamaji wakatulia vitini?