Fatuma Ali Yupi?

Aliyewahi kuketi katika foleni ya hospitali hapa mwambao hatashangaa nikisema kwamba muuguzi anapoita "Fatuma Ali!", huenda wakainuka wanawake watatu kwa pamoja. Majina yetu ni mazuri lakini si mengi, nayo hurudi kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Juu ya hayo, kila karani huyaandika apendavyo: Fatuma, Fatma, Fatima; Mohamed, Muhammad. Kwa sikio ni jina moja. Kwa kompyuta ni watu mbalimbali, na mgonjwa mmoja hujikuta na mafaili mawili: moja lina onyo kwamba penisilini humdhuru, la pili halina.

Kinyume chake ni hatari zaidi, yaani wawili kuchanganywa wakawa mmoja. Mapacha Hassan na Hussein wana baba mmoja, babu mmoja na tarehe moja ya kuzaliwa. Wazee wasioijua siku yao nao wengi huandikiwa 1 Januari. Mwaka 2018, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, vibandiko vya majina ya wagonjwa wawili vilibadilishana, na asiyehitaji upasuaji akapasuliwa kichwa. Madaktari walitafuta damu iliyoganda wasiione, ndipo walipotambua.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 unataka mgonjwa atambuliwe kwa alama mbili au zaidi, na nambari ya chumba isiwe mojawapo. Tena aulizwe "Jina lako nani?", wala si "Wewe ni Bi Fatuma?" Bibi mwenye homa, asiyesikia vyema, huitikia "naam" kwa lolote, pengine kwa adabu tu.

Lipo pia tulitendalo wenyewe tukaliita huruma: kumwazima ndugu kadi ya bima. Nduguyo akitibiwa kwa jina lako, maradhi yake na matokeo ya vipimo vyake huandikwa katika faili lako. Siku utakapofikishwa wewe, huna fahamu, daktari atasoma habari za mwenzio na kukutibu kwazo.

Basi, ndugu msomaji, toa majina yote matatu kama yalivyo katika kitambulisho, herufi kwa herufi, na uhifadhi nambari ya faili ya kila mmoja nyumbani. Na binti anayempeleka mamake ausome utepe wa mkononi kabla chupa ya damu haijatundikwa.