Utumbo Uliokwisha Kupangwa Upya

Mtu aliyepunguzwa unene kwa upasuaji, kisha akafika Hospitali ya Consolata Ikonda, wilayani Makete, akiugua utumbo, hana budi kumweleza daktari habari hiyo mapema. Kwa nini? Katika njia iliyoasisiwa na Edward Mason nchini Marekani miaka ya 1960, sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa chakula hutengwa, na utumbo mwembamba huunganishwa nayo. Huweza kubaki upenyo baina ya tando zinazoushikilia utumbo. Mafuta yapunguapo, upenyo hupanuka. Utumbo waweza kupenya humo, ukajisokota, ukakosa damu na kuoza. Hapo kila saa ina thamani. Makovu yaweza kuwa madogo mno. Kwa hiyo mgonjwa na aseme.