Kwezi: Ndege ambaye milio yake huokoa hata majirani

Mto Daua unapopita Rhamu, katika Kaunti ya Mandera, ndio mpaka kati ya Kenya na Ethiopia. Kandokando yake yamo mashamba na miti mikubwa, na mbele yake imetanda nyika ya migunga na vichaka vya miiba. Nyika ya aina hiyo ndiyo makao ya kwezi, ndege ambaye mgongo wake wa buluu na kijani hung'aa juani, huku tumbo lake la rangi ya kutu likitenganishwa na kifua kwa utepe mweupe.

Wengi humsifu kwa urembo huo, lakini uhai wake hutegemea zaidi sauti.

Kwezi ana milio tofauti ya kutahadharisha: mmoja wa adui wa angani, kama vile mwewe, na mwingine wa adui atembeaye ardhini. Mnamo 1990, watafiti Robert Seyfarth na Dorothy Cheney walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika Amboseli, ambako waliwasikilizisha tumbili milio hiyo iliyorekodiwa. Waliposikia mlio wa mwewe, tumbili walitazama juu. Waliposikia ule wa adui wa ardhini, walikimbilia mitini. Tumbili walikuwa wamejifunza lugha ya jirani.

Uchunguzi mwingine, uliofanyiwa Mpala, Laikipia, na kuchapishwa 2013, ulionyesha kwamba mlio anaoutoa kwezi akiruka humtambulisha yeye na kundi lake, wala hauonyeshi udugu. Jambo hilo lina maana kubwa, kwani makundi ya kwezi huchanganya ndugu na wageni, na wote husaidiana kulisha makinda. Mwaka 2025, watafiti waliofuatilia ndege hao wa Laikipia kwa miaka 20 walieleza kuwa hata wasio ndugu hulipana fadhila hiyo kwa zamu.

Ushirikiano huo una faida hasa pale ambapo mvua haitabiriki. Mandera yaijua hali hiyo vyema: kati ya 2020 na 2022, Pembe ya Afrika ilikosa mvua za kutosha kwa misimu mitano mfululizo.

Kwezi hujenga kiota chake katika miti ya miiba. Mgunga ukikatwa kwa ajili ya makaa, yeye hupoteza makao, na viumbe waliozoea kumsikiliza hupoteza mlinzi.